Salio

Kitabu cha Bwana Shekuwe, juzuu ya kwanza,
wino wa buluu: Julai, alfajiri, nyuzi ishirini na moja na nusu.
Pembeni, kwa penseli: "Nyasi zimelowa umande."

Sanduku la kipimajoto halijahama Tononoka.
Miguu minne, rangi nyeupe, mlango umeelekea kusini.
Mji ndio uliolihamia.

Nasoma pembeni, si katikati:
"Mkungu umekatwa."
"Lami leo. Harufu hadi ofisini."
"Jirani kajenga; ghorofa ya tatu bado nondo."
Kisha mwandiko wangu:
"Viyoyozi sita vyatupumulia mgongoni."

Sasa makao makuu wananiuliza:
Mwanakombo, joto hili ni la dunia
au la ukuta wa benki?
Kama mgonjwa apimwaye homa
na chai ya moto ingali mdomoni.

Usiku nikaenda na tochi.
Nikaweka kiganja ukutani.
Saa nane, na saruji bado
inalo jua la jana.

Basi nikafungua kitabu cha pili, cha Matuga,
kwenye mikorosho na mbuzi, ambako lami haijafika,
nikaanza kutoa.
Nikautoa ukuta. Nikaitoa lami.
Viyoyozi nikavitoa kimoja kimoja,
mkali kama mdai mlangoni.

Salio likabaki.
Dogo. Kiganja hakiwezi kulihisi.
Nimeliandika katikati, kwa wino,
na pembeni, kwa penseli ya marehemu:
"Hili si la ukuta."