Farasi Aliyekwisha Kulipiwa

Nyuzi hamsini na mbili chini ya sufuri.
Chuma kinauma kama mbwa,
kwa hiyo vikuku vya tandiko nimevivika ngozi ya kulungu,
na lijamu nimelala nalo kifuani usiku kucha
lisije likamchuna Kirya ulimi.
Sijui kwa nini nimejisumbua.

Kirya: sakitu, kwa lugha yetu,
maana ndivyo alivyokuwa asubuhi ile tulipomkuta
amezaliwa nje, peke yake, anasimama.

Tunatoka kabla ya jua, na jua lenyewe halitapanda.
Litachungulia tu begani mwa mlima, saa nne hivi,
kama mgeni asiyevua viatu,
kisha litajiendea.

Tunakwenda telki.
Pumzi zetu zinaganda zikiwa bado mdomoni,
zinaanguka nyuma yetu kwa sauti
ya shayiri inayomiminwa ndani ya kopo.
Mama alikuwa akisema ni nyota zinanong'ona.
Baba alikuwa akisema ni pumzi, funga mdomo.

Misonobari imepukutika. Hapana ndege.
Nyayo za sungura mmoja tu,
aliyepita jana, akajuta, akarudi.

Kila baada ya kitambo nashuka, navua glavu,
naingiza vidole viwili kwenye mianzi ya pua yake,
navuta barafu nje. Huinamisha kichwa mwenyewe.
Miaka kumi na saba amevijua vidole hivi.

Nyukulay amekwisha kulipa. Nusu imekwenda
kwenye meno ya Aytal, huko mjini,
nusu kwenye bomba la kupasha nyumba joto.
"Mavra," aliniambia, akihesabu noti kwa kidole chenye mate,
"farasi mzee anakula nyasi za farasi kijana."
Kweli. Hilo silibishi.
Ahadi ni deni, na deni, huku kwetu,
ndicho kitu pekee kisichoganda.

Mtoni nafunga singa tatu za mkia wake
kwenye tawi, kama walivyofunga wengine,
naurushia mto kipande cha chapati ya siagi:
bibi, tupishe.
Mto mweupe, bapa, kama kitanda kilichotandikwa.
Natia kisigino.
Kirya hatoki.

Natia tena. Naita. Natoa mjeledi,
nampiga, naam, nampiga mara mbili,
na sakitu inamruka mgongoni
kama vumbi la zulia linalokung'utwa.
Anageuza sikio moja tu.
Halafu anaipuliza, kwa nguvu, theluji iliyo mbele yake,
nami naona:
chini ya weupe ule, maji.
Maji meusi yaliyopanda juu ya barafu,
yakajifunika shuka, yakanyamaza.
Kiatu kikilowa hapa, mguu ni wa mbwa mwitu kabla ya jioni.

Tunauzunguka mto kwa saa mbili. Yeye ndiye anayechagua.
Hatamu nimeiachia; mikono nimeichomeka
chini ya singa za shingo yake,
mahali palipo na joto la mkate.
Simwambii samahani. Farasi hawana matumizi nayo.
Namwambia habari za meno ya Aytal,
kwamba mawili yameng'olewa, moja limezibwa,
kwamba daktari alikuwa na mikono midogo.

Saa kumi, na giza limekwisha kuingia.
Ng'ambo ya uwanda, dirisha moja la njano.
Moshi wa Nyukulay umesimama wima,
hauendi kulia, hauendi kushoto.
Mbwa wake ametusikia, anatutangaza.

Kirya anasimama. Anainamisha kichwa,
anangoja vidole.
Navua glavu.
Natoa barafu ya pua ya kulia. Natoa ya kushoto.
Nimemaliza, hapana tena cha kutoa,
na bado vidole vimo.

Mlango unafunguka. "Mavra, ni wewe?"

Moshi umesimama wima.
Sisi pia.