Wakandikaji

Maabara, Nakuru, saa mbili na robo asubuhi.
Mvua ya Aprili inakuna kioo kwa ukucha.
Nafungua kabati la joto, natoa sahani
yenye seli zako, Fundi Ondiek,
zilizokuja Jumatatu ndani ya maji ya ubavuni mwako,
maji ya rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.

Nilizipa sukari, nikazipa chumvi, nikaziacha.
Hazina tena pafu la kulifunika,
hazina ubavu wa kuulainisha,
wala pumzi ya kuzibembeleza, kwenda na kurudi.
Plastiki tupu.
Na bado zimefanya kazi:
nilipotia rangi, chini yake, nyuzi.
Kolajeni, imetandazwa vizuri,
kama mtu anayetandika kitanda
katika nyumba iliyohamwa.

Nyanya yangu kule Shinyalu alikandika hivyo.
Hakuamriwa na mtu. Aliona ufa,
akakoroga udongo na samadi na majivu,
kiganja kikapita ukutani nusu duara, nusu duara,
hadi jioni nyumba ikanukia upya.
Macho yalipofifia, akakandika kwa kupapasa.
Mwaka mmoja akakandika hata dirisha.
Tulicheka.

Wewe ulipanda mapaa ya nyumba za reli
miaka ishirini na sita,
ukivunja vigae vya asbesto kwa nyundo,
vumbi jeupe kopeni, ukilipangusa kwa mkono wa shati.
Sindano zisizoonekana zikaingia. Zikakaa.
Seli ziliona ufa, zikakandika.
Kesho yake ufa ulikuwepo. Zikakandika.
Utando uliokuwa mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu
sasa, kwenye picha, ni mkanda wa chokaa;
pafu limeshikamana na ubavu
nawe unavuta hewa vipande vipande,
kama anayelipa deni kwa sarafu.

Hazina ubaya.
Hilo ndilo nisiloweza kuliandika
kwenye fomu yenye mistari minne na mahali pa sahihi.
Nitaandika: zi hai. Zinatoa nyuzi kwa wingi.

Uko nje kwenye benchi, kofia magotini.
Nakusikia ukikohoa, kisha ukiomba radhi
kwa mtu ambaye sijui ni nani.

Udongo wa dirishani, Fundi,
tuliubandua ungali mbichi.