Kisanduku cha Tatu

Makambako upepo haupigi hodi.
Unasukuma mlango wa duka langu,
unapekua fomu za watu kama karani mwenye haraka;
ndiyo maana kila rundo nimelilaza chini ya jiwe.

Lukresia Mgaya aliingia na huo upepo,
katoka Mtwango juu ya lori la viazi,
vumbi limempaka nyusi uzee wa siku moja.
Vyeti kavitia kwenye mfuko wa mbolea,
kaukunja mara nne, kaufunga kwa katani.
"Kaka, nimekuja kuomba mkopo wa chuo.
Wanasema dirisha linafungwa Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano. Umeme ulikuwepo, ila kwa kusitasita.

Tukaanza. Jina. Shule. Namba ya mtihani.
Daraja la kwanza, pointi tano. Nilisoma mara mbili,
naye akatazama pembeni
kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.
Kisha kompyuta ikauliza:
Baba yu hai? Amefariki?
Visanduku viwili. Chagua kimoja.

Akanyamaza.
Mashine ya fotokopi ikapumua,
ikatema karatasi ya mtu mwingine.

"Baba alikwenda Chunya kutafuta dhahabu
mwaka nilioanza darasa la tatu.
Alituma pesa mara mbili, salamu mara moja.
Kama alikufa, hatukuzika.
Kama yu hai, hatujasikia.
Nikisema hai, watataka sahihi yake.
Nikisema amefariki, watataka cheti,
na mama kasema hawezi kumuua mtu kwa kalamu."

Miaka kumi na moja nawajazia watu fomu.
Nimewajazia yatima, nimewajazia wajane,
dhiki zilizogongwa muhuri, zenye namba na tarehe.
Hii ya kwake haikuwa na muhuri.
Aliyefiwa ana foleni, hata kama ni ndefu;
aliyeachwa hajui asimame wapi.

Tukaruka swali. Kipato cha mama kwa mwaka?
Tukahesabu magunia, yale ya lumbesa,
ambayo mnunuzi hushindilia kwa goti
mpaka gunia linaota gunia jingine kichwani,
na bei ni ile ile.
Tukatoa mbegu. Tukatoa dawa ya ukungu.
Tukatoa deni la mbolea ya msimu wa juzi.
Namba iliyobaki kompyuta iliikataa:
Umekosea. Jaza upya.
Lukresia akacheka, mara ya kwanza siku ile.
"Iambie hata sisi tulidhani tumekosea."

Mtendaji wa kijiji tulimpigia, yuko msibani.
Tulimpigia tena, yuko kikaoni.
Usiku akapokea, akakohoa, akasema ataandika.
Barua ikaja Alhamisi kwa mkono wa kondakta,
muhuri umelala upande kama mlevi wa ulanzi:
*Danstan Mgaya hajulikani alipo.*
Chini yake majina ya wanawake tisa wa kikundi,
mashahidi, dole gumba kwa dole gumba,
na ndani ya bahasha, ada ya maombi,
sarafu nyingi kuliko noti.

Binti aliisoma barua akiwa wima.
*Hajulikani alipo.*
Nadhani hakuwahi kuyaona maneno hayo yameandikwa.
Aliyagusa, kisha akafuta kidole kwenye sketi.

Ijumaa, saa tano kasorobo, tukatuma.
Skrini ikasema: imepokelewa.
Haikusema imekubaliwa. Haikusema kuna atakayeisoma.
Sikumwambia chochote cha kumpoza;
watoto wa baridi huku hawapozwi kirahisi.

"Kurasa kumi na nne," nikasema. "Niachie. Nenda."
Akakataa. Akalivuta daftari langu la madeni,
akaandika jina lake kwa herufi zilizonyooka:
"Kama nitadaiwa na wasionijua,
acha nidaiwe na mmoja anayenijua."

Ukurasa ule sijaukata mstari mpaka leo.
Upepo ukija nauwekea jiwe.