Usiku Kucha

Jumanne nilikuta ganda kwenye kitambaa cha kochi,
kile cheupe nilichofuma mwaka wa msiba.
Kiganda chembamba, kimepinda kama mwezi wa siku mbili,
kitupu ndani.
Nikakiokota kwa ncha za vidole, moyo ukaenda mbio.
Ukucha wa paka.

Nikamwita, "Mshahara!"
(jina lake hilo, kwa kuwa aliingia tarehe thelathini
na tangu hapo hakai nyumbani).
Akaja anajinyoosha, hachechemei, hana habari.
Nikambonyeza kidole kimoja kimoja,
kila kidole kikatoa ukucha unaong'aa,
mkali kama sindano ya cherehani.
Hesabu imetimia. Sasa hili ganda la nani?

Ndelilio, bwana mifugo mstaafu wa kule Rau,
alicheka mpaka chai ikamwagikia kisosi.
"Mama Aisaria, miaka kumi na tisa
umekaa meza ya kuchambua kahawa,
hujui ganda na kiini?
Paka huvua ukucha wa nje
kama buni inavyovua ngozi yake.
Wa ndani umeshakomaa. Usimlilie."

Kweli. Vidole vyangu vilijua kabla yangu.
Maganda yale ya kiwandani, mepesi, rangi ya ndevu za mahindi,
tulirudi nayo Kiborloni kwenye nyusi, kwenye pindo za kanga,
tukayakung'uta mlangoni,
na hakuna aliyeyaimbia pambio.

Basi nikatulia. Nikatulia mno.

Ijumaa umeme umekatika, masika yanapiga bati,
nikasikia kilio.
Mguu wa mbele wa kulia umenaswa na kitambaa kilekile,
kwenye tundu la ua nililolifuma kwa mkono wangu,
naye anavuta, anavuta, kitambaa kinamfuata.
Safari hii halikuwa ganda.
Ulikuwa ukucha wenyewe, umepasuka hadi nyamani,
unaning'inia,
na damu, tone, tone,
juu ya maua meupe.

Nikachukua mkasi.
Sikugusa ukucha. Nilikata kitambaa.
Miezi minne ya kufuma: kwacha!

Nikamviringisha kwenye kanga hadi shingoni, kama mtoto wa chanjo,
nikamwosha kwa maji vuguvugu yenye chumvi,
nikachovya kidole chake kwenye unga wa ngano,
nikabana, nikahesabu kwa Kichagga,
maana kwa Kiswahili naharakisha.
Akanilipa mistari mitatu kiganjani.
Sikumwachia.

Kipande kilichoning'inia sikukivuta.
Mlango wa ghala uliwahi kunibana shahada,
ukucha ukawa mweusi, ukalegea,
na wenzangu mezani kila mmoja akataka kuung'oa,
"Tukusaidie, umalizike."
Nikaficha mkono kwenye aproni wiki tano.
Hata mwaka wa msiba walikuja hivyohivyo na huruma yao:
gawa viatu, gawa mashati, songa mbele.
Koti la baba Aisaria bado liko msumarini.

Usiku kucha nilikaa macho kwa ajili ya kucha.
Lugha hii nayo ina utani.

Kulipopambazuka mlima ulichomoza robo saa,
ukajirudisha ndani ya mawingu, kama ukucha.
Ndelilio akaja na koleo lake dogo,
kitu kikalia *ta*, kikaisha.
"Utaota tena. Miezi miwili, mitatu.
Huenda ukapinda kidogo."
"Upinde," nikasema.

Mshahara akashuka mapajani bila kwaheri,
akaondoka kwa miguu mitatu na madaha ya minne,
akalala chini ya jiko,
kwa mara ya kwanza tangu tarehe thelathini.

Kitambaa nimekifua. Damu ya paka ina ubishi;
imebaki rangi ya chai.
Tundu sijalishona.
Nimekitandika hivyohivyo, upande wa wageni,
na mgeni akiliingiza kidole akitaka kuuliza
namwambia, polepole,
usivute.