Ndoo Moja ya Chokaa

Sheha kanipa ndoo moja ya chokaa, brashi kipara,
na elfu kumi na tano.
"Ngwali, ukuta mzima. Nisikute hata nukta."
Ni ukuta wa nyuma ya soko la Konde, ubavuni mwa vyoo,
wanapoanika pweza wale wasiotaka kulipia meza.

Nikausoma kwanza.
Hakuniambia nisome. Lakini mkono haufuti
kabla jicho halijafika.

Kona ya mashariki: mabao ya timu, hesabu ya deni la mtu,
"Riziki nakungoja hapa", la miaka, limeshaota kuvu.
Kisha mkaa, herufi wima kama watoto wa chuo:
"Dawa za spitali zauzwa Wete. Ulizeni bati jipya la nani."
Chini yake mwengine kajibu kwa kalamu nyekundu.
Tusi. La mama, zima, halina hata kanga,
na mkiani mwa tusi hilo tarehe:
usiku mwanawe aliokata roho akingojea dripu.

Nilikaa kitako mbele ya lile tusi.
Lingekuwa mdomoni mwa mtu ningemwambia, staghfiru.
Ukutani, na tarehe ile,
sikujua ni nani anayetakiwa atubu.

Halafu mlango wa vyoo vya wanawake.
Picha. Sitoisema.
Mwanamke, jina lake kamili, jina la babake,
na nyumba anayokaa tangu alipoachwa mwezi wa Rajabu,
ili hata mgeni asipotee.
Rangi yake buluu. Buluu ya milango,
ile ninayoichanganya mwenyewe,
na ile g yenye mkia uliopinda
niliyomfundisha mdogo wangu Sudi
kwa kijiti, kwenye vumbi la ua, hajaota meno ya mbele.

Wanasema mficha uchi hazai.
Mwenye uchi wake, labda.
Huyu hakujifunua, kafunuliwa.

Nilianza hapo. Mkono wa kwanza ukakauka, buluu ikarudi.
Wa pili, ikabaki kama mshipa chini ya ngozi.
Wa tatu sikupaka, nilimwaga.
Kilichosalia ndooni kikatosha neno moja jekundu,
moja tu. Tarehe nikaiacha.
Sasa kila apitaye hulijaza pengo lile mwenyewe,
kwa sauti, na wenziwe humsahihisha.

Sheha kaja alasiri na mwavuli wake.
Kasimama mbele ya mkaa, kasoma midomo ikicheza,
kakohoa.
"Na hili?"
"Chokaa imekwisha, sheha."
Kainama, kaitikisa ndoo, kachungulia.
"Ungesema. Ningekupa ya pili."
Wiki imepita. Ya pili sijaiona,
wala elfu zake hajanidai.

Usiku ule Sudi alikuja kula, kama kawaida yake,
kauliza mbona vidole vyangu vyeupe.
Nikamtilia wali, nikamtilia mchuzi wa changu,
nikenda uani nikarudi na kopo la buluu, tupu,
nikaliweka katikati ya mkeka, baina ya sahani mbili.
Tukala.
Alikuwa akichukua chumvi kwa kulizunguka.