Safu ya Maelezo

Mwaka ule wathamini walipofika Tabora
nilikuwa karani wa stoo, karakana ya reli.
Walinipa kitabu kipya chenye safu saba:
kitu, idadi, umri, hali,
uchakavu, bei,
na ya mwisho, nyembamba: Maelezo.

Nikaandika. Nyundo, arobaini na mbili.
Winchi, moja, mbovu.
Vipuri vya mabehewa
ambayo tulikwisha kuyauza kama chuma chakavu.

Tusidanganyane. Kwenye orodha ya mishahara
marehemu tisa walikuwa wakipandishwa daraja.
Dizeli ilitoka usiku kwa madumu,
na mimi, nisijifanye malaika,
mabati ya banda langu la kuku pale Isevya
yana mhuri wa shirika mpaka leo.

Lakini alikuwepo Sadala Kapungu,
mgonga magurudumu.
Treni ya Kigoma ikiingia usiku wa manane
alishuka relini na kinyundo chake cha mpini mrefu,
akagonga gurudumu moja moja, kichwa upande.
Zima huimba. Lenye ufa hukohoa.
"Hili lisiende Urambo," alisema,
na halikwenda, hata meneja apige simu.

Mthamini kijana, miwani ya jua ndani ya nyumba,
akaniuliza: huyu ana cheti?
Nikasema ana sikio.
Akacheka, wala si kwa ubaya:
"Sikio halina safu, dada."

Alipotoka kwenda kunywa soda
niliandika kwa penseli, safu ya saba:
sikio, moja, halijachakaa.

Mwekezaji akaja, akapaka geti rangi.
Tukaitwa kwa herufi, kuanzia A.
Kufika K jua lilikuwa utosini.
Kapungu akapewa bahasha iitwayo kiinua mgongo,
akaipokea ameinama,
akaondoka vilevile, ameinama.

Siku hizi anauza asali kando ya soko.
Likiletwa debe kutoka Sikonge
halifungui, haonji.
Hugonga kwa kifundo cha kidole, kichwa upande.
"Hili lina maji."
Wachakachuaji wanamwogopa kuliko mkaguzi wa serikali.

Jana usiku treni ilipita,
sijui siku hizi ni ya nani.
Behewa la tatu, au la nne,
kitu kilikohoa.
Nikakaa kitandani, taa sijawasha,
nikisikiliza inavyokwenda,
inavyokwenda, kuelekea Urambo.