Tazama Ndiya

Kila Jumanne baada ya isha, ghorofani kwa Swabra,
pale Langoni, juu ya duka la misumari,
tunaketi watu wanne na kitabu kisichokwisha.
Kitabu cha mji: kila kitu cha Amu
na mahali pake, ili atafutaye apate.
Hivyo ndivyo tulivyosema siku ya kwanza,
tulipokuwa bado twapendana.

Kisima tulikiweka chini ya Maji.
Swabra akakihamishia Majengo,
kwani kina ukuta, kina ngazi, kina mwenyewe.
Wiki ya pili nikakikuta chini ya Ugomvi,
mwandiko wa Bunu, wino wa kijani.
Punda alihamishwa mara tano:
Wanyama, Usafiri, Mizigo, Jirani, Kelele.
Mwisho tulimwacha peke yake kwenye herufi P,
hana ukoo, hana mlezi,
na nadhani mwenyewe angeridhika.

Lakini iliyotutoa roho ni makala ya Lali Famau.
Kurasa saba juu ya vichochoro vya Mkomani:
upana wake, mabega ya mtu na tenga lake;
kona ambayo hukohoi kwa mafua,
wakohoa kabla hujaikata
ili walioketi upande wa pili wajisitiri;
ukuta uliong'ara kwa viganja vya wanaorudi usiku.
Mimi, kazi yangu vichwa vya habari,
sikuthubutu kugusa hata mkato.
Juu kabisa aliandika: Ndiya.

Bunu akakata. Njia.
Lali akafuta. Ndiya.

"Mtoto wa Lodwar ataifungua wapi?"
"Mamangu ataifungua wapi?"
"Mamako hasomi."
Feni ikazunguka. Swabra akatazama kikombe chake.
"Husomewa," akasema Lali.

Jumanne iliyofuata Bunu alikuja na hoja mpya,
kaikunja mfukoni kama risiti:
"Leo umeandika ndiya, kesho utaandika ndoo kwa njoo.
Utamwita mgeni, naye atakuletea maji."
Tulicheka sote, hata Lali,
na alipomaliza kucheka
akanyoosha mkono akachukua raba.

Mara kumi na moja. Nilihesabu.
Karatasi ikatoboka palepale kwenye kichwa,
tundu la ukubwa wa punje ya mtama,
na ukichungulia waliona neno la ukurasa wa chini:
kushoto.

Basi nikajifanya mpatanishi.
Kwenye N-D niliandika: Ndiya, tazama Njia.
Kwenye N-J niliandika: Njia, tazama Ndiya.
Nikalala usingizi wa mwenye haki.
Asubuhi Swabra alinipigia simu akicheka hadi kukohoa:
"Wewe! Umemfunga msomaji kwenye uchochoro,
aenda, arudi, aenda, arudi,
na makala yenyewe umeiweka wapi?"
Kweli. Sikuiweka popote.

Jumanne ya jana umeme ulikatika.
Tukakaa gizani, kila mmoja na neno lake kifuani,
mara sauti chini, ya hamali na mkokoteni,
si mtu wa hapa, kabeba friji:
"Jamani! Kwa Fundi Msellem ni wapi?"

Tulisimama wote, vichwa vinne dirisha moja.
"Nyosha mpaka barza iliyovunjika pembe,"
akasema Bunu.
"Utasikia cherehani. Siyo hiyo, ni ya pili," Swabra.
"Kisha shika ukuta wa kulia," Bunu tena,
"kwa kiganja, usiuache,"
na Lali, polepole, kama anayesoma:
"ukifika utakapoteleza, kohoa."

Hakuna aliyesema njia.
Hakuna aliyesema ndiya.
Magurudumu yakasaga mawe, yakapungua.
Tulibaki dirishani bila sababu,
hadi huko mbali, nyuma ya kuta tatu au nne,
mtu akakohoa.

Kikohozi bado hatujakipangia mahali.